Mzigo Ulioondoka Jumatatu

Kwa miaka kumi na tisa Homnath alikunywa chai yangu akiwa amesimama. Glasi mkononi, mgongo ukutani, macho mlangoni. Viti ninavyo, tena vya mbao nzuri, na mwanzoni nilidhani ananidharau. Mimi Dilkumari si mtu wa kumeza dharau, kwa hiyo siku ya tatu nikamuuliza mbele ya wateja, "Kaka, viti vyangu vina kunguni?"

Akatabasamu upande mmoja. "Hapana, dada. Nikikaa nitazoea."

Niseme mapema ili tusizungushane: nilimpenda. Nilimpenda tangu chai ya mwezi wa kwanza, na wauguzi wote walijua, na yeye akajifanya hajui. Mume wangu alikwenda Malaysia kufanya kazi ya kiwanda, akapata mke huko huko, basi sikuwa na wa kumwogopa. Lakini huwezi kushindana na marehemu. Marehemu hazeeki, hanuni, wala hachomi mchele.

Hospitali yetu iko kwenye mji wa mlimani, mashariki ya Nepal, na kantini yangu iko uani, kati ya wodi ya wazazi na ngazi za kushuka masijala. Masijala iko chini ya ardhi, na huko chini ndiko Homnath alikoishi, maana kukaa mahali saa kumi na mbili kwa siku ni kuishi. Alikuwa mtunza mafaili. Ungemtajia mgonjwa wa mwaka wowote, angekwenda moja kwa moja kwenye rafu na kurudi na faili limefutwa vumbi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa madaktari wote, jambo ambalo halihitaji juhudi kubwa, ila wake ulikuwa mzuri kweli.

Kisa chake kilijulikana mji mzima. Alitoka Okhre, kijiji cha ng'ambo ya mto. Mwaka wa 2051 wa kalenda yetu ya Nepal, inayoitangulia ya kizungu kwa zaidi ya miaka hamsini, akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili, alimleta mkewe Tulasa akiwa na uchungu wa mimba ya kwanza, juu ya machela ya mianzi. Siku mbili njiani. Mtoto alikuwa amelala vibaya. Walifariki wote wawili Jumatano ile ile waliyofika, mama na mtoto, kwenye wodi ambayo mlango wake nauona nikiwa jikoni. Homnath hakurudi kwao. Mwaka uliofuata aliomba kazi yoyote hospitalini, akapewa masijala, na hakupanda ngazi zile kwenda Okhre hata kwa sikukuu. Miaka kumi na minne baada ya Tulasa barabara ya magari ilipofunguliwa, mwenyekiti wa wilaya alimtaja kwenye hotuba. Mama aliyeuawa na njia, alisema. Watu walilia. Nami nililia.

Kila mwaka baridi ikianza kulegea, wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu hupewa wiki nane za mradi wa kujichagulia. Hakuna mwalimu anayewapa swali. Kila mmoja atafute swali lake mwenyewe, atafute jibu kwa wagonjwa au kwenye mafaili, kisha asimame mbele ya madaktari alitetee. Wanaanza wakitaka kuokoa dunia, wanaishia kuhesabu wauguzi wangapi wananawa mikono. Wote hupita kwa Homnath. Nimewaona vizazi kumi na tisa wakishuka ngazi zile wasafi na kupanda na utando wa buibui kichwani.

Sushmina Lawati alikuja mwaka wa 2075. Binti mfupi, mwenye miwani, anayekula momo kumi, maandazi yetu ya nyama ya kupikwa kwa mvuke, bila kupumua. Swali lake lilikuwa zuri mpaka nikalielewa hata mimi: akina mama wa vijiji vya ng'ambo walichukua muda gani kutoka nyumbani mpaka mlango wa wodi, kabla ya barabara na baada yake? Kwenye fomu ya kupokelea wagonjwa kuna pengo la saa ya kuondoka nyumbani na pengo la saa ya kufika. Unatoa moja kwenye nyingine, basi. Zamani walibebwa kwa miguu, kutwa nzima, wengine hata mbili. Siku hizi ni basi, mwendo wa saa tatu. Kila mtu alijua jibu kabla hajaanza, na nadhani ndiyo maana mwalimu wake, Daktari Wagle, alimruhusu.

Wiki ya sita akaja kantini, akaagiza momo, akaziangalia zikipoa.

"Zina sumu?" nikamuuliza.

"Shangazi, nimekwisha." Akavua miwani. "Muda haujapungua. Barabara imefunguliwa, mabasi yapo, na mama bado anatumia siku moja na nusu kufika. Siku mbili. Nimehesabu mara nne."

"Labda basi liliharibika."

"Mabasi ya miaka kumi yote yaliharibika? Daktari Wagle kaniuliza mbele ya darasa, 'Lawati, hilo basi lako linasukumwa na wajawazito wenyewe?' Wote wakacheka. Anasema nifute mafaili yasiyoeleweka au nibadilishe swali. Zimebaki siku kumi na mbili!"

Homnath alikuwa amesimama mahali pake. Akaiweka glasi mezani ikiwa nusu, kitu ambacho hajawahi kufanya, akatoka, akashuka ngazi.

Nikamwambia Sushmina, "Umemkumbusha mkewe. Ungechagua swali la kunawa mikono."

Homnath hakukaa sana huko chini. Alirudi na faili lililofungwa kwenye nailoni, mikunjo mitatu, kama watu wanavyofunga hati ya shamba. Akaliweka mbele ya binti.

"Uliomba kila faili la kumi," akasema. "Ulipofika mia nne na kumi na saba nilikwambia limeliwa na panya, nikakupa mia nne na kumi na nane. Nilikudanganya. Ndilo hili."

Sushmina akasoma jina, akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Mjomba, si lazima. Naweza kuliacha."

"Soma saa ya kuondoka."

"Jumatatu, saa mbili asubuhi. Kufika, Jumatano, saa tisa alasiri."

"Jumatatu saa mbili mke wangu alikuwa amelala ndani, anauma shuka," akasema Homnath. "Ulioondoka ni mzigo."

Sisi wa milimani hatukuhitaji kuelezwa zaidi. Mnajimu akikupa saa njema ya safari, na wewe hujawa tayari, unatoa mzigo wako kwa saa ile, nguo, shali, hata kofia, unaupeleka kwa jirani wa upande unakoelekea. Safari inahesabika imeanza. Baada ya hapo unaweza kuondoka siku yoyote, hata mbaya, mradi mzigo ulitangulia. Mama yangu alifanya hivyo, mimi nilifanya hivyo nilipokuja kufungua kantini hii. Binti wa watu alikuwa amekaa na mafaili mia mbili wiki sita, akiwa mtoto wa milima hii hii, na halikumjia. Wala mimi.

"Mnajimu alisema Jumatatu saa mbili ni njema, Jumanne ni mbaya kabisa," Homnath akaendelea. Alikuwa anaongea na faili, si na sisi. "Nikauchukua mzigo wa Tulasa, nikaupeleka kwa Aitamaya, nyumba ya mwisho kabla ya kuteremka mtoni. Nikarudi moyo umetulia. Wabebaji walikuwa wawili, nilihitaji wanne. Mama akasema mimba ya kwanza huchelewa, hata hivyo tumeshaondoka. Na mimi nikaona kweli tumeshaondoka. Jumanne hatukuthubutu. Jumatano alfajiri akaacha kupiga kelele, ndipo nikaogopa. Tukakimbia naye kwa njia ya chini, ya mkato. Kwa Aitamaya hatukupita. Hapa mlangoni muuguzi akaniuliza, mmeondoka lini? Nikasema Jumatatu saa mbili. Sikuwa nadanganya, dada. Mtu akiuliza umeondoka lini, unasema hiyo."

Alinigeukia aliposema dada.

"Kisha daktari akaja kuniambia, pole kijana, siku mbili njiani, hakuna ambaye angepona. Nikamwacha aseme hivyo. Mwenyekiti naye akasema, nikamwacha. Mpaka leo." Akavuta pumzi. "Binti yangu, wewe umesoma. Tungeondoka Jumatatu, angepona?"

Nilimkanyaga Sushmina mguu chini ya meza. Akauvuta mguu wake.

"Naona angepona, mjomba," akasema. "Hata Jumanne, labda."

Nusura nimmwagie chai! Nilifungua mdomo nimtukane, kwamba ana miaka ishirini na moja na hajui kitu, lakini uso wa Homnath ulinizuia. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa jina lake kwenye orodha.

"Miaka ishirini na minne," akasema, "nilikuwa nangoja mtu aniambie."

Siku mbili baadaye tulipanda basi la kwenda Okhre. Sushmina alitaka kuwauliza akina mama upya, wale wa miaka ya karibuni, na alitaka mwanamke mtu mzima wa kuingia naye majumbani. Nilifunga kantini, wauguzi wakanilaani. Homnath alikuja nasi bila kuombwa, akakaa dirishani. Sijui kama aliona chochote. Mto ulipotokea chini alishika bomba la kiti cha mbele na hakuliachia mpaka tukafika.

Kazi ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Nyumba ya tatu tulimkuta mama mmoja anapepeta ulezi wake, mtoto mgongoni, na aliposikia swali alicheka mpaka mtoto akaamka.

"Mimi niliondoka Ijumaa, dada. Shali yangu iliondoka Jumatano."

"Mbona hospitali ulisema Jumatano?" Sushmina akauliza.

"Wameniuliza nimeondoka lini, nikawapa siku njema. Wewe ungempa daktari siku mbaya, akushike na mikono yake halafu hiyo mbaya ikuingie?"

"Na kwa nini mlikaa siku mbili, na basi lipo?"

Mama akafikiri, kicheko kikapungua. "Mzigo ukishatoka, moyo unalegea. Mama mkwe anasema si tumeshaondoka? Mume naye anasema hivyo hivyo. Hata mimi mwenyewe nilijiona niko njiani, na huku niko jikoni."

Homnath alikuwa uani, ametugeuzia mgongo. Nilijua alisikia.

Tulipita nyumba ishirini na tisa kwa siku mbili. Mwisho kabisa tukaenda kwa Aitamaya. Ni ajuza wa kabila la Rai, mkavu, macho makali, na alimtambua Homnath kutoka mbali kuliko mimi ninavyoweza kumtambua mbuzi wangu.

"Umekuja kuuchukua?" akapaza sauti kabla hata hatujasalimiana.

Kupitia mlangoni niliuona. Ulining'inia kwenye boriti juu ya jiko, mweusi kwa moshi. Kitambaa kilichofungwa mafundo manne. Huwezi kujua kilikuwa rangi gani.

"Bado, mama," Homnath akasema. Alisimama mwisho wa uwanja, hakusogea.

"Bado! Nina miaka themanini na moja. Nikifa mkwe wangu atauwashia moto. Kila mwaka nabadilisha kamba, panya wasiukate. Nimeshauota mara ngapi!"

"Nitaupeleka wapi? Nikiurudisha nyumbani, ina maana hakuondoka."

"Na ukiuacha hapa?"

Nilimwona anavyoutazama, na hapo nikaelewa kwa nini hakukaa kwenye kiti changu hata siku moja. Kwake yeye Tulasa alikuwa bado njiani. Mzigo ulikuwa umetangulia, mwenyewe anakuja, na mtu anayemngojea mgeni hakai akajisahau. Nilikuwa nimepoteza miaka kumi na tisa nikidhani nashindana na marehemu. Nikalia pale pale, kwa hasira zaidi kuliko huruma, na Aitamaya akadhani nalilia mzigo, akanipa maziwa ya mtindi.

Sushmina alitoa kalamu. Hakuacha kazi yake, na kwa hilo namheshimu. "Mjomba, niandike. Mzigo, Jumatatu saa mbili asubuhi. Na mama?"

"Jumatano," Homnath akasema. "Jogoo wa pili."

Akaandika. Tukaondoka mzigo ukiwa kwenye boriti.

Siku ya kutetea miradi mimi ndiye ninayepeleka chai kwenye ukumbi, kwa hiyo nilisikia yote. Sushmina alisimama na karatasi zake, miwani imeteleza puani. Kati ya akina mama ishirini na tisa, akasema, ishirini na mbili waliandikwa saa ya mzigo. Barabara imefupisha safari kweli, ila safari haianzi. Familia zilizotoa mzigo zilikaa nyumbani muda mrefu kuliko zile ambazo hazikuutoa, maana zilijiona zimekwisha kuondoka. Akaomba fomu iwe na mapengo mawili: mzigo ulitoka lini, mama alitoka lini. Na wahudumu wa vijijini wasiwakataze watu saa zao njema, wawaambie tu mama atoke na mzigo wake.

Hakuna aliyetaja basi la kusukumwa. Daktari Wagle alikuna kidevu. "Nani alikwambia habari hii ya mzigo?"

"Mtunza mafaili, daktari."

Wakageuka wote. Homnath alikuwa nyuma, kasimama, bila shaka.

"Homnath, miaka yote hii mafaili unayo wewe. Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa naogopa kuulizwa, daktari," akasema. "Na kila mwaka walipokuja hawa watoto, nilingoja mmoja aulize."

Fomu mpya zilichapishwa mwezi uliofuata. Alizipanga mwenyewe kwenye rafu, na nilidhani yameisha. Jumatatu moja nikakuta masijala imefungwa kwa kufuli. Alikuwa ameomba likizo. Mtu ambaye hakuwahi kuomba hata nusu siku! Jumanne hakuonekana. Nilichoma mchele, nikagombana na muuza mboga, nikamwambia muuguzi mkuu maneno ambayo baadaye nilimwomba radhi.

Jumatano alasiri nilikuwa naosha glasi nilipomwona anaingia uani. Hakuja na basi. Viatu na suruali vilikuwa na matope ya mtoni mpaka magotini, njia ya zamani ile, ambayo siku hizi hata mbuzi hawaipiti. Kifuani amekumbatia kitu cheusi. Alipita mbele ya kantini bila kunitazama, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa wodi ya wazazi.

Niliacha bomba linamwagika, nikamfuata.

Aliuweka mzigo juu ya benchi, wanapokaa ndugu wa wagonjwa. Fundo moja lilikuwa limelegea na nikaona ndani: kitana, na vinguo viwili vidogo vilivyoshonwa kwa sari kuukuu, laini, kama sisi wote tunavyowashonea watoto. Hakuvitoa. Alilifunga fundo upya. Kisha akatoa shatini kwake faili mia nne na kumi na saba, ndani yake fomu mpya, ya mapengo mawili, imejazwa kwa mwandiko wake mzuri. Mzigo uliondoka Jumatatu, saa mbili asubuhi. Mama aliondoka Jumatano, jogoo wa pili. Chini kulikuwa na nafasi ameiacha tupu.

"Ni saa ngapi, Dil?" akauliza.

Miaka kumi na tisa nilikuwa dada.

"Saa kumi na robo," nikasema.

Akaandika. Saa ya kufika, saa kumi na robo jioni. Akaliweka faili juu ya mzigo, akalitazama, kisha akakaa kwenye benchi, akalia kwa sauti katikati ya wanawake waliokuja kungojea wajukuu. Walisogea kumpa nafasi. Mmoja akamuuliza kama ni mkewe. Akasema ndiyo, amefika.

Nilikwenda kantini, nikarudi na chai. Aliinywa yote, amekaa, mkono mmoja juu ya mzigo. Mimi nilisimama pembeni yake, nikapokea glasi tupu, nikaendelea kusimama.